Konveta ya 24 V kwenda 5 V: miiba ya 180 mV haipungui hata baada ya kuongeza 470 µF

saketi_wima

Wakuu habari zenu,

Nina bodi ya mizani ya kielektroniki ya kilo 5. Inaingia 24 V, konveta ya kushusha inatoa 5 V, halafu LDO ndogo (kidhibiti voltaji kisichowasha na kuzima) inatoa 3.3 V kwa ajili ya ADC (chipu inayogeuza voltaji kuwa namba) na daraja la sensa ya uzito (2 mV/V). Konveta ni chipu yenye mosfeti zote mbili ndani: 3 A, 400 kHz, kikomo cha pini ya VIN (ingizo) ni 36 V. Vilivyoizunguka:

- koili 10 µH yenye ngao, inashiba kwenye 5 A
- ingizo: elektroliti 100 µF/50 V na seramiki 10 µF/50 V, hiyo seramiki iko kama milimita 12 kutoka kwenye chipu
- pato: seramiki mbili za 22 µF/10 V
- bodi ya tabaka mbili, unene 1.6 mm, na graundi upande wa chini imekatwa katikati ili graundi ya nguvu isichanganyike na ya analogi

Mzigo ni 0.25 A bodi ikiwa imetulia, na hufika 1.6 A rilei na mota ndogo vikiwaka.

Matatizo ni matatu. La kwanza, oskiloskopu inaonyesha miiba (voltaji inayoruka ghafla kwa muda mfupi sana) ya 180 mV kilele hadi kilele kwenye 5 V, na kila mwiba unafuatwa na mtetemo wa kama 80 MHz. La pili, bodi ikitulia kuna wimbi la polepole, karibu 20 kHz, la 40 mV. La tatu ndilo linaloumiza: rilei zikivuta, usomaji unahama kama gramu 3 na kubaki huko huko hadi rilei ziachie.

Nimeongeza elektroliti ya 470 µF kwenye pato, haikubadilisha chochote. Je, nibadilishe chipu, nipandishe masafa, au niweke kapasita kubwa zaidi?

---

nanohenri

Weka pasi ya kulehemu chini kwanza. Huna hakika kama hiyo 180 mV ipo.

Klipu ya graundi ya probu ina waya wa sentimita 12 hadi 15. Waya huo pamoja na ncha ya probu ni kitanzi, na uga wa sumaku wa koili yako unapita ndani yake. Isitoshe, waya wa namna hiyo una induktansi ya kama 150 nH, probu ya ×10 ina kama 10 pF, na hivyo viwili vikikutana vinatetema karibu na 130 MHz. Yaani kifaa cha kupimia kina kengele yake.

Jaribio la dakika moja: gusisha ncha ya probu NA klipu yake kwenye nukta moja ya graundi, pembeni ya kapasita za pato. Hapo sahihi ni sifuri. Chochote utakachokiona ni kelele ya upimaji, si ya pato.

Baada ya hapo toa klipu na kofia ya probu, zungusha waya mtupu kwenye shingo ya chuma ya probu mithili ya springi, uache mkia wa milimita 5 hivi, kisha gusa moja kwa moja miguu miwili ya kapasita ya seramiki ya pato. Usitumie ×1 kwa miiba, kwani probu nyingi kwenye ×1 hukata juu ya 6 hadi 10 MHz, kwa hiyo zitakudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Ukitaka kipimo cha uhakika zaidi, lehemu kebo ya koaksi ya 50 Ω juu ya kapasita, na oskiloskopu uiweke 50 Ω. Lakini pitisha kwanza kwenye kapasita ya 1 µF mfululizo. 5 V moja kwa moja ndani ya 50 Ω ni 0.5 W, na ingizo la oskiloskopu nyingi liko ukingoni hapo.

Pima mara mbili: mara moja ukiwa umewasha kikomo cha 20 MHz, mara nyingine bila kikomo. Ya kwanza inakupa viwimbi vya 400 kHz, ya pili inakupa miiba. Ni magonjwa mawili tofauti yenye dawa tofauti, na watu wengi huyatibu kwa pamoja kwa sababu wameyapima kwa pamoja.

Unachopaswa kukiona kwenye 20 MHz kinahesabika. Uwiano wa kuwasha ni 5/24 = 0.208. Mkondo wa koili unapanda na kushuka kwa (24 − 5) × 0.208 ÷ (10 µH × 400 kHz), karibu 1 A. Kapasita zako mbili za 22 µF zikibeba 5 V hazina 44 µF tena, kwani seramiki hupungua zikibeba voltaji, tuseme zimebaki 28 µF. Viwimbi = 1 A ÷ (8 × 400 kHz × 28 µF), kama 11 mV. Ukipata karibu na hapo, kapasita za pato zinatosha, na kuongeza nyingine ni kupoteza nafasi ya bodi.

---

saketi_wima

Nimepima kama ulivyosema, mkuu.

Ncha na klipu zote kwenye graundi: 70 mV! Kwa springi na kikomo cha 20 MHz: 12 mV. Springi bila kikomo: 95 mV, na mtetemo bado ni 80 MHz. Vipimo vyote nimechukua rilei zikiwa zimevuta.

---

kitanzi_kidogo

12 mV kwa hesabu ya 11 mV, basi suala la mikrofaradi limefungwa. Hiyo 95 mV iliyobaki haijali ujazo wa kapasita hata kidogo. Elektroliti ya 470 µF ina induktansi ya ndani ya kama 15 nH ukihesabu na miguu yake. Kwenye 80 MHz hiyo ni 7.5 Ω. Kwa masafa hayo umelehemu koili, si kapasita.

Chanzo kiko upande wa ingizo, sio wa pato. Fuatilia njia hii kwa kidole kwenye bodi: mguu chanya wa seramiki ya ingizo, pini ya VIN, mosfeti ya juu, mosfeti ya chini, PGND (pini ya graundi ya nguvu), kurudi kwenye mguu hasi wa seramiki ile ile. Mkondo wa koili haurukiruki, unapanda na kushuka taratibu. Lakini ndani ya kitanzi hiki mkondo unatoka sifuri hadi mkondo wote wa mzigo kwa takriban nanosekunde 5, kisha unakatwa tena, mara 400,000 kwa sekunde. Ndiyo maana tunakiita kitanzi cha moto.

Njia ya shaba isiyo na graundi karibu chini yake ina kama 1 nH kwa milimita. Milimita 12 kwenda, 12 kurudi, unakuwa na karibu 25 nH. Sasa hesabu kwenye mzigo kamili: 25 nH × 3 A ÷ 5 ns = 15 V. Mosfeti ya juu inapozima, hizo 15 V zinapanda juu ya 24 V. 39 V kwenye pini yenye kikomo cha 36 V. Kwa 1.6 A yako ni 8 V, ndiyo maana chipu bado inapumua. Lakini usije ukaitwisha 3 A kwa mpangilio huo.

Mtetemo wako unathibitisha hesabu: 25 nH na 80 MHz vinahitaji kapasitansi ya kama 158 pF, na hiyo ni kiasi cha kawaida kwa mosfeti ya chini ya chipu ya 3 A pamoja na shaba ya SW (nukta ambapo mosfeti mbili zinakutana na koili).

Marekebisho kwenye bodi uliyonayo: kwangua rangi ya kijani karibu kabisa na pini za VIN na PGND, lehemu seramiki ya 100 nF/50 V X7R ya 0603 (aina ya seramiki na ukubwa wa kipuri) ikiwa imelala juu ya pini hizo zenyewe. Si karibu nazo, JUU yake. Usiogope udogo wake: 3 A kwa 5 ns ni nanokulombi 15, na kwenye 100 nF hiyo ni kushuka kwa 0.15 V tu. Kinachotakiwa hapa ni ufupi.

Kuna mtego lakini. Ukiiacha hiyo 100 nF peke yake, itatetema na ile 10 µF ya mbali kupitia 20 nH zilizoko katikati, karibu na 3.5 MHz. Kwa hiyo weka na 4.7 µF/50 V ya 1206 nyuma yake mara moja, milimita 2 au 3, isizidi. Na ujue 10 µF/50 V ya 1206 ikikaa kwenye 24 V inaweza kubaki chini ya nusu ya thamani iliyoandikwa. Mchoro wa kupungua huko uko kwenye datashiti ya kapasita, si ya chipu.

Kwa bodi ijayo:

Nenda tabaka nne, la pili liwe graundi nzima, 0.2 mm chini ya vipuri. Mkondo wa kurudi utapita moja kwa moja chini ya mkondo wa kwenda na viwili hivyo vitafutana uga. Kwenye bodi yako graundi iko 1.6 mm chini, na msaada wake ni mdogo. Kila via nayo ni karibu 1 nH kwa unene huo, kwa hiyo upande wa graundi wa kapasita weka via tatu au nne, sio moja.

Ondoa huo mkato wa graundi. Mkondo wa masafa ya juu hurudi chini ya njia yake. Ukikuta ufa, unalazimika kuzunguka, na hapo umetengeneza antena kwa mikono yako. Tenganisha kwa kupanga vipuri: konveta kona ya kiunganishi cha 24 V, ADC kona ya mbali kabisa, graundi moja isiyokatika.

Shaba ya SW iwe fupi na nene, isiwe uwanja. Pale voltaji inaruka 24 V kwa 5 ns, yaani 4.8 V kwa kila nanosekunde. Pikofaradi MOJA tu kati ya SW na njia ya mrejesho inasukuma 4.8 mA ndani ya njia hiyo. Rezista za mrejesho ziwekwe kwenye mlango wa pini ya FB, na njia ndefu iwe ile inayotoka kwenye pato, sio ile ya FB.

Koili ina kidoa upande mmoja. Kidoa ni mwanzo wa waya, tabaka la ndani kabisa. Kigeuze kielekee SW, ili tabaka la nje, lililounganishwa na pato tulivu, liwe ngao. Hakigharimu chochote na wengi hawakijui.

---

lehemu_safi

Mbona mnamzungusha? Weka shanga ya feraiti ya 600 Ω kwenye 5 V, halafu LDO nzuri yenye PSRR (uwezo wa kuzuia kelele ya ingizo) ya 70 dB. Mwisho wa habari.

---

nanohenri

@lehemu_safi hiyo 70 dB imeandikwa kwa 1 kHz. Angalia mchoro, sio ukurasa wa kwanza. Kwenye 400 kHz LDO za kawaida zinabaki na 20 hadi 40 dB, na kwenye 80 MHz transista ya ndani haifanyi kazi yoyote: mwiba unapita kwenye kapasitansi yake, na mwingine unazunguka kupitia graundi bila hata kuigusa LDO.

Shanga ni wazo zuri ila mahali ulipoiweka sipo. Ile 600 Ω ni kipimo cha 100 MHz bila mkondo wa DC. Ukiipitishia 1.6 A wakati kikomo chake ni 2 A, kiini kinashiba na sehemu kubwa ya hizo ohmu inapotea. Kanuni ya kufanyia kazi: mkondo usizidi asilimia 20 ya kikomo cha shanga. Iweke kwenye mlango wa LDO peke yake, ambako kuna kama 50 mA, halafu rilei zichukue 5 V kabla ya shanga.

Na shanga pamoja na kapasita ni koili na kapasita, zinatetema. Kwa masafa ya chini shanga kama hiyo inaweza kuwa na 1 µH, ukiweka 22 µF baada yake unapata mlima karibu na 34 kHz. Hapo kelele haipungui, INAONGEZEKA. Na mwenye swali ana wimbi la 20 kHz lililo jirani! Dawa ni kuweka elektroliti ya 100 µF sambamba na ile 22 µF. Ukinzani wake wa ndani wa kama 0.2 Ω ndio unaoutuliza mlima (√(1 µH ÷ 22 µF) = 0.21 Ω). Hapa elektroliti ya kawaida, isiyo ya daraja la juu, ndiyo bora.

---

saketi_wima

Nimelehemu 100 nF juu ya pini na 4.7 µF nyuma yake. Miiba imeshuka kutoka 95 mV hadi 40 mV. Ila mtetemo sasa ni 150 MHz badala ya 80. Nimeharibu kitu?

---

kitanzi_kidogo

Hujaharibu, umefaulu. Kapasitansi ya mosfeti haijabadilika, kilichopungua ni induktansi. (80 ÷ 150)² × 25 nH = 7 nH. Umetoa nanohenri 18 kwa kapasita moja ya 0603.

Kilichobaki kitulize kwa snaba, rezista na kapasita mfululizo kati ya SW na PGND. Usichukue thamani kwenye saketi ya mtu mwingine, pima ya kwako:

1. Pima mtetemo kwenye SW kwa springi. Una 150 MHz.
2. Lehemu kapasita ya C0G (seramiki ambayo thamani yake haibadiliki) kati ya SW na PGND, bila rezista, uibadilishe hadi masafa yashuke nusu, 75 MHz. Kwako itaangukia karibu na 470 pF.
3. Masafa yakishuka nusu maana yake kapasitansi imekuwa mara nne. Kwa hiyo iliyokuwepo ni 470 ÷ 3 = 157 pF.
4. Rezista = √(7.2 nH ÷ 157 pF) = 6.8 Ω. Hiyo ni thamani inayopatikana moja kwa moja.
5. Kapasita ya snaba: mara tatu hadi nne ya 157 pF. Yaani ile ile 470 pF uliyojaribia inabaki, unaongeza tu rezista.

Joto: 470 pF × 24² × 400 kHz = 0.108 W, nayo yote inaishia kwenye rezista. Ya 0603 imeandikiwa 0.1 W, itakaangika polepole. Tumia 1206. Na usishawishike kuongeza kapasita hadi 2.2 nF ili "izime kabisa", hiyo ni 0.5 W wakati bodi ikitulia inakula 1.25 W tu.

Snaba nayo ina kitanzi. Ukitumia rezista ya miguu mirefu umeongeza nanohenri 10 mbele ya dawa ya ugonjwa wa nanohenri 7.

Ikiwa bado kuna mabaki, weka rezista ya 4.7 Ω mfululizo na kapasita ya BOOT (inayolisha geti ya mosfeti ya juu). Inapunguza kasi ya mosfeti ya juu kuwaka, haigusi kuzima. Usivuke 10 Ω bila kupima joto la chipu. Faida yake inaonekana kwenye wigo wa masafa: ukingo wa 5 ns una kona kwenye 64 MHz, ukiufanya 10 ns kona inashuka hadi 32 MHz, na kila kilicho juu ya kona kinaporomoka kwa 40 dB kwa kila mara kumi ya masafa.

---

fundi_wa_mizani

Naomba nijibu lile la 20 kHz na la gramu 3, maana mmelisahau.

Wimbi la 20 kHz si hitilafu. Mkondo wa koili unapanda na kushuka kwa 1 A, kwa hiyo mzigo ukiwa chini ya 0.5 A mkondo unagonga sifuri na chipu inaingia hali ya kuokoa umeme: inarusha mapigo machache, inalala, inaamka. Wewe uko 0.25 A. Tafuta pini ya MODE au SYNC, uilazimishe ifanye kazi kwa masafa yasiyobadilika. Ufanisi kwenye mzigo mdogo utashuka, ila mizani iliyochomekwa 24 V haitajali. Kama pini hiyo haipo, koili ya 22 µH inashusha mpaka huo hadi 0.225 A na utapita kwa wembamba, mradi datashiti inairuhusu. Chipu nyingine hazitazami sifuri, zinatazama kilele cha mkondo, na hizo hutazidanganya kwa koili.

Kuhusu gramu 3. Daraja la 2 mV/V likilishwa 3.3 V linatoa 6.6 mV kwa kilo 5. Gramu 3 ni mikrovolti 4. Shikilia namba hiyo: mikrovolti nne. Shaba ya kawaida ya 35 µm ina 0.5 mΩ kwa kila mraba. Mkondo wa rilei, 1.35 A ya ziada, ukipita kwenye nusu mraba tu wa graundi unaacha 340 µV.

Kwa hiyo kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni graundi inayogawana njia na rilei. Wa pili ni miiba yenyewe: masafa ya juu yakiingia kwenye ingizo la kikuzaji cha ADC, viungo vya transista vinayanyoosha kama dayodi, yanageuka DC. Ndiyo maana usomaji unahama na kukaa, hauruki. Mzigo ukiongezeka miiba inakua, na DC hiyo inakua nayo.

Kuwatofautisha: lisha rilei na mota kwa pawasaplai nyingine kabisa, kisha itwishe konveta rezista ya 4.7 Ω ya 10 W, waya zake ziishie juu ya kapasita za pato. Itavuta kama 1 A. Usomaji ukihama, mshukiwa ni konveta. Usipohama, ni njia ya graundi.

Dawa ya graundi: REF+ na REF− za ADC (pini za voltaji ya rejea) zichukuliwe kwenye miguu ya daraja lenyewe, sio kwenye LDO. Na mkondo wa rilei usipite chini ya ADC kwa namna yoyote.

Dawa ya miiba: rezista ya 1 kΩ kwenye kila waya wa ishara, 1 nF kutoka kila waya kwenda graundi, na 10 nF kati ya waya na waya, zote kwenye mlango wa ADC. Hiyo 10 nF iwe mara kumi ya zile nyingine, la sivyo tofauti ndogo kati ya 1 nF mbili itageuza kelele ya pamoja kuwa ishara. Kama ADC yako haina bafa kwenye ingizo, shusha hadi 100 Ω. Na ziwe C0G zote. X7R hutoa umeme zikitikiswa, na huyo ni mgeni mbaya sana ndani ya mizani.

---

saketi_wima

Nimejaribu na 4.7 Ω: usomaji ulihama gramu 2 kati ya zile 3. Kwa hiyo konveta ina theluthi mbili na graundi theluthi moja. MODE imefungwa juu, 20 kHz imetoweka. Snaba ya 6.8 Ω na 470 pF imeshusha miiba hadi 18 mV. Baada ya kichujio cha ADC uhamaji umebaki chini ya gramu 0.5, uliobaki nadhani ni graundi na unasubiri bodi mpya.

Swali la mwisho: kwenye bodi mpya nataka kichujio cha ingizo, maana waya wa 24 V unalisha na vifaa vingine. Je, nikiweka 4.7 µH na kuondoa elektroliti nibaki na seramiki tupu? Na chipu mpya ina chaguo la kutawanya masafa (masafa ya kuwasha yanayumbishwa kidogo kidogo), niwashe?

---

nanohenri

4.7 µH sawa. Elektroliti USIIONDOE.

Hesabu yake: seramiki ya 10 µF kwenye 24 V ibaki tuseme 5 µF. Kona iko 33 kHz, na kwenye 400 kHz unapata karibu 43 dB ya kupunguza. Inatosha. Lakini konveta ikiangaliwa kutoka kwenye ingizo ni ukinzani hasi: voltaji ikishuka inavuta mkondo zaidi, kwa sababu inatetea nguvu ile ile. Kwa 16.7 W za ingizo (mzigo kamili wa 3 A pamoja na upotevu) kwenye 24 V ni −34 Ω. Kichujio kisichotulizwa kina mlima wa impedansi pale 33 kHz, na mlima huo ukifika 34 Ω mfumo mzima unaanza kuyumba wenyewe. Elektroliti ya 100 µF upande wa konveta, yenye ukinzani wa ndani wa 0.3 hadi 1 Ω, inaubomoa mlima hadi ohmu chache.

Na sababu ya pili: ukichomeka waya wa 24 V wenye umeme kwenye seramiki tupu, induktansi ya waya na kapasita zinapandisha voltaji hadi karibu mara mbili, 48 V. Chipu ya 36 V inakufa kabla LED haijawaka. Elektroliti hiyo hiyo inazuia na hilo.

Koili ya kichujio isikae jirani na koili ya konveta. Zikikaribiana zinaunganishwa na uga, na kelele inaruka kichujio kizima. Milimita 15 au zaidi, au uizungushe nyuzi 90.

Kutawanya masafa: kunasaidia kwenye kipimo cha CISPR (viwango vya kelele ya redio), kwa kuwa kipokezi kinapima dirisha la 9 kHz chini ya 30 MHz na 120 kHz juu yake, na nishati iliyotawanywa inaonekana ndogo kwa kila dirisha. Jumla ya kelele ni ile ile. Kwa ADC, mstari mmoja unaoujua mahali ulipo ni rahisi kuukwepa kuliko kelele inayotembea. Kwenye mizani iache imezimwa, uiwashe tu kama kipimo cha mionzi kitagoma.